Hukupita JKT na unataka kura za wazee wa Kagera? Fanya hivi

Umechukua fomu ya udiwani. Jumamosi una kikao na wazee wa Nyarugusu, na umesikia kwamba wapiganaji wa vita ya Kagera watakuwepo. Wewe hujawahi kushika bunduki. Hata geti la JKT hulijui. Usingizi umekuruka.

Tulia. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii kuanzia Kahama hadi Katoro, na sijamwona mzee aliyemnyima mtu kura kwa sababu tu hakupita jeshini. Niliowaona wakinyimwa ni wa aina mbili: anayejitungia historia ya jeshi, na anayewakumbuka wapiganaji mara moja kila miaka 5. Aina zote mbili unaweza kuziepuka ukianza leo.

Piga hesabu ya miaka yako

Chukua kalamu. Andika mwaka uliomaliza kidato cha sita au chuo. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kwa kujitolea. Sheria ya kuwalazimisha wasomi ikaja 1966. Mwaka 1994 mafunzo ya mujibu wa sheria yakasitishwa kwa ukosefu wa fedha, yakarudi 2013.

Ulimaliza kati ya 1994 na 2012? Hakuna aliyekuita. Sema hivyo kwa sentensi moja: "Mwaka niliomaliza, JKT ilikuwa imesimama." Usiongeze neno. Ukianza kujieleza sana, utaonekana kama mtu anayeficha kitu.

Uliishia darasa la saba ukaingia kwenye duara kutafuta dhahabu? Wewe pia sheria ile haikukugusa. Liseme na hilo, bila aibu. Nusu ya watu waliokaa mbele yako wana watoto waliopita njia hiyohiyo.

Ulimaliza kabla ya 1994 na hukwenda? Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo nataka unisikilize. Andika sababu ya kweli. Uliumwa. Ulikuwa na mtoto mchanga. Ulipata nafasi ya masomo nje. Au ulikwepa. Kama ulikwepa, tumia neno hilohilo. Wazee wanaijua michezo yote ya wakati ule, maana walikuwa upande wa pili wa meza wakikagua karatasi.

Usidhani kwamba ukweli utakumaliza. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kuipinga sheria ile. Iliwataka watumikie miaka 2: miezi 5 kambini, kisha muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Miongoni mwao alikuwemo Samuel Sitta wa Urambo, mkoa jirani wa Tabora. Mwaka 2005 Sitta huyohuyo alikaa kwenye kiti cha Spika wa Bunge. Watu waliijua habari yake na wakampa kazi.

Na kumbuka upande wa pili wa siku ile. Wanafunzi walilalamika kwamba viongozi wanakula vizuri huku vijana wakibanwa. Mwalimu akaukata mshahara wake kwa asilimia 20 papo hapo. Mwalimu hakuwa askari. Miaka 12 baadaye aliwapeleka vijana wa nchi hii vitani akiwa Amiri Jeshi Mkuu, nao wakaenda. Nakuomba uufikirie mshahara ule kabla hujaandika hotuba yako.

Usijipachike kikosi

Mzee akikuona umenyooka kidogo, atakuuliza: "Ulikuwa kikosi gani? Operesheni gani? Kamanda wenu alikuwa nani?" Anayauliza kwa upole, kama mazungumzo tu. Ni mtego. Kila kundi la JKT lina jina la operesheni yake, na aliyepita halisahau hadi kaburini. Aliyepita 2014 atakuambia "Miaka 50 ya Muungano" kabla hujamaliza swali.

Niliwahi kumwona mgombea mmoja akijibu kwamba alikuwa "kambi ya Mafinga, operesheni ya mwaka ule". Ya mwaka ule! Mzee aliyeuliza alitikisa kichwa tu, akamimina chai. Hakusema neno. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua.

Kwa hiyo hata nusu ya uongo usiiguse. Usiseme "na mimi ni mwanajeshi kwa moyo". Usimwite mzee "afande" kama hukuwahi kuwa chini ya afande yeyote. Mwite baba, mwite mzee. Shikamoo yako inatosha, na asubuhi ukianza na "mwangaluka" utakuwa umefika nyumbani.

Mavazi nayo ni hatari. Koti la mabakamabaka kwenye jukwaa linaweza kukupeleka polisi, maana sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo. Mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi hayo wayasalimishe. Mwambie na dereva wako avue kofia ile aliyonunua mnadani. Wapambe wengi huponzwa na kofia.

Jua nani amekaa mbele yako

Kosa kubwa la wagombea ni kusema "wazee wetu wastaafu" kana kwamba wote ni wamoja. Fika saa moja kabla, muulize mwenyekiti wa kitongoji nani ni nani.

Kuna askari wa JWTZ aliyestaafu rasmi. Huyu ana namba, ana pensheni, huenda ana kadi ya MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu. Analalamikia kiwango na uhakiki.

Kuna mgambo. Huyu aliitwa kutoka shambani baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Waliitwa makumi ya maelfu. Alitembea kwa miguu hadi ng'ambo, akarudi 1979, akakabidhi silaha, akashika jembe. Hana pensheni ya kila mwezi. Ukimwambia "serikali inawalipa wastaafu vizuri", umemtukana bila kujua.

Kuna mjane. Mara nyingi yuko nyuma kabisa, karibu na mlango, na hakuna anayemtaja. Mtaje.

Na kuna vijana wa juzi, waliolinda amani Darfur au Kongo. Desemba 2017 walinda amani wetu zaidi ya 10 waliuawa kwa usiku mmoja kule Semuliki, mashariki ya Kongo. Kwa familia hizo jeraha bado bichi. Ukitaja Kagera peke yake, hao nao watajiona wamesahaulika.

Soma pia ramani kidogo. Kyaka, Mutukula, Lukaya, Masaka, Entebbe, Kampala iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Majina hayo yatakusaidia uelewe mzee anaposimulia, basi. Simulizi yenyewe ni ya kwake. Akikosea tarehe, mwache.

Uliza kuhusu lindo lako

Sasa nakupa jambo ambalo washauri wa kutoka Dodoma hawatakuambia. Huku kwetu, jeshi ambalo mtu anaweza kulikwepa liko kijijini kwake.

Vita ya Kagera ilipoisha, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukazidi. Watu wa upande wa Kahama wakachoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaanzisha sungusungu, ikasambaa Usukuma na Unyamwezi kwa mishale, firimbi na mwano, yaani yowe la hatari. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa na sungusungu wakatambuliwa. Hadi leo vijiji vingi vina kamanda wao, vina zamu za lindo, na vina faini kwa asiyetoka.

Wewe zamu yako ulikuwa unatoka? Mwano ulipopigwa usiku, uliamka au ulivuta shuka? Ulikuwa unalipa faini kila mwezi ukaendelea kulala kwa sababu hela unayo? Kamanda anajua. Wazee wanajua. JKT ya mwaka 1990 wanaweza kukusamehe, lakini ng'ombe aliyeibwa juzi huku taa yako inawaka, hapana.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi, nenda kwa kamanda wa sungusungu. Nenda peke yako, bila gari la kampeni. Muulize una deni gani. Kama una faini, lipa. Kama kuna zamu wiki hii, ingia. Beba tochi yako, vaa viatu vizuri, kaa hadi alfajiri. Usipige picha. Ukipiga picha umeharibu kila kitu, na ni afadhali ungelala.

Unaishi mjini, Shinyanga au Geita, na sungusungu wako ni mlinzi wa kulipwa? Basi tafuta ulinzi shirikishi wa mtaa wako. Huwa wanahitaji mtu wa zamu, na zaidi wanahitaji mtu wa kufuatilia betri na makoti ya mvua.

Ukitaka kutumikia, pita mlango wa kweli

Machi 2013, JKT iliporudishwa, baadhi ya wabunge vijana walikwenda kambini wenyewe, wa CCM na wa upinzani, wakiwemo Ester Bulaya na Halima Mdee. Walikimbia mchakamchaka na kulala kwenye mabweni kama kuruta wengine. Wapo waliosema ni maonyesho. Mimi naona walifanya vizuri: walionja kidogo kile walichokuwa wanataka watoto wa wenzao wakionje.

Wewe una njia rahisi zaidi. Kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya yupo mshauri wa mgambo. Muulize mafunzo ya Jeshi la Akiba yanaanza lini na kata gani. Ni ya miezi kadhaa, yana vumbi na jua kali, na utapigishwa kwata na kijana aliyezaliwa wewe ukiwa sekondari. Kama huwezi kuacha kazi muda wote huo, usijiandikishe halafu ukatoroka. Kuruta mtoro ni mbaya kuliko asiyekwenda kabisa.

Na usiende mwaka wa uchaguzi. Nenda mwaka ambao hakuna kura.

Fika na kazi iliyokwisha kufanyika

Hapa ndipo utakapopata au kukosa kura, kwa hiyo tukae kidogo.

Kabla ya kikao, chukua daftari la kaunta. Pita kwa wastaafu 10 nyumba kwa nyumba. Kila mmoja muulize swali moja: karatasi gani imekukwamia? Andika jina la ofisi, tarehe aliyokwenda mara ya mwisho, na alichoambiwa. Usitoe hotuba.

Utakuta mambo yaleyale. Pensheni ya askari inalipwa na Hazina, na ukifika wakati wa uhakiki mzee asiyejitokeza anaweza kusimamishiwa malipo. Kuna mzee amelala kitandani Bukombe, hana wa kumpeleka. Hilo linatatulika kwa barua ya mtendaji wa kata, simu chache na mtu wa kufuatilia. Kuwa mtu huyo.

Utakuta mjane ambaye mafao ya mumewe yamelala miaka. Mara nyingi kinachokosekana ni mirathi. Njia yake iko hivi: cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha mahakama ya mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Andika hatua hizo kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa, umwachie. Umsindikize siku ya kwanza mahakamani. Siku ya pili atakwenda mwenyewe.

Utakuta mzee aliyetozwa hela hospitalini. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Nenda kwenye kituo cha afya cha kata yako uone kama dirisha la wazee lipo kweli au ni kibao tu. Uliza kama kuna dawa za presha. Rudi na jibu.

Na utakuta aliyepoteza mguu au macho. Kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Wapiganaji wengi hawajui kwamba wanahusika. Mkutanishe na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hilo unaweza kulifanya kesho asubuhi.

Onyo moja zito: usitoe fedha. Usilipe nauli, usinunue sukari, usigawe blanketi kipindi cha kampeni. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 na TAKUKURU havitauliza kama nia yako ilikuwa njema. Miguu yako na muda wako havina katazo.

Ahidi kilicho mikononi mwako

Diwani hapandishi pensheni. Usithubutu kuahidi. Pensheni ni ya Hazina na Wizara ya Ulinzi na JKT. Mzee ameahidiwa jambo hilo tangu enzi za chama kimoja, na anahesabu.

Ahidi kuuliza kwenye baraza la madiwani, tena taja swali lenyewe. Huku kwetu lipo swali zuri. Geita Gold Mine inachimba tangu 2000, Bulyanhulu tangu 2001, na migodi hiyo huandaa mipango ya kila mwaka ya huduma kwa jamii pamoja na halmashauri. Uliza: katika mpango wa mwaka huu, kituo cha afya kinachotibu wazee wetu kimewekewa nini? Hilo ni swali ambalo diwani ana haki ya kuuliza, na jibu lake linapatikana kwenye makabrasha.

Kama unagombea ubunge, ahadi yako iwe swali la msingi bungeni kuhusu mgambo wa Kagera wasio na pensheni. Sema utaliuliza kikao gani. Ukilipata jibu baya, rudi uwasomee hilohilo jibu baya.

Mpinzani wako akiwa na nyota mabegani

Itatokea. Unagombea na luteni mstaafu, na wapambe wake wanaimba kwamba wewe ni mwoga. Usijibu kwa kuchimba faili lake. Msifu kwa utumishi wake kwa sentensi moja, kisha rudi kwenye daftari lako. Ibara ya 28 ya Katiba inampa kila raia wajibu wa kulinda uhuru wa nchi, lakini ibara ya 67 inayotaja sifa za mbunge haidai kwamba awe amepita jeshini. Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Ndiyo maana Jakaya Kikwete, aliyekuwa Luteni Kanali, alilivua gwanda mwaka 1992 vyama vingi viliporudi. Gwanda lina heshima yake na jukwaa lina kazi yake.

Wamarekani wameupitia mtihani huu mara nyingi. Bill Clinton hakwenda Vietnam, na mwaka 1992 alimshinda rais aliyekuwa rubani wa vita kuu ya pili. Kilichomsumbua kampeni nzima ni kwamba maelezo yake yalikuwa yakibadilika. Leo hivi, kesho vile, kesho kutwa barua ya zamani inaibuka. Ndiyo sababu nimekuambia uandike sababu yako kwenye karatasi. Jibu la Nyarugusu liwe ndilo la Maganzo na ndilo la Chato.

Chato wenyewe wana kumbukumbu. Hayati John Magufuli alikwenda JKT mwaka 1983, akapita Makutupora na Mpwapwa. Wapo wa rika lake waliokwenda na wapo wasiokwenda, na bado wanakaa baraza moja. Usiende kule ukasema JKT haikuwa na maana. Useme tu kwamba wewe hukwenda, na kwa nini.

Baada ya kura

Weka alama kwenye kalenda: tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Uwepo kila mwaka, ushinde au ushindwe. Simama nyuma, wazee wakae mbele. Ukishinda, mpeleke mzee mmoja Kaboya, kule Muleba, walikozikwa wenzake. Kutoka Geita mnapita Bwanga na Biharamulo. Mwache akae pale muda anaotaka. Atakuonyesha majina.

Sasa funga simu na uanze. Aliyekuwa na miaka 20 wakati daraja la Kyaka linabomolewa alizaliwa 1958, na wengi walikuwa wakubwa kuliko hapo. Ile nyumba ya kwanza kwenye orodha yako, ya yule mzee aliyelala kitandani, nenda leo kabla jua halijazama.